Kazi ya Beni, Frekansi Moja

Siku ya pili, 13 juni 2000, Butembo
Miaka mbili niko kwa foni ya patron Kamate, redio ya kuita miji ya mbali. Batu banakuja kuongea na ndugu za Oicha, za Kanyabayonga — miye nabaitia hewani. Kinande, Swahili, Lingala, Kifaransa kidogo. Nani mwingine kwa mutaa wetu wa Vulamba anaweza? Hakuna! Na mushahara? Ule ule wa zamani. Leo amekata tena, sababu nilimuachia mwalimu Henri dakika tano bure aongee na bibi yake. Serikali imemusahau mwalimu, na miye nimusahau? Hapana!

Siku ya ine, 15 juni
Débora wa foni ya Beni ameniita. Patron wake, mama Marie-Jeanne, anafungua foni ya pili. Analipa mara mbili! «Rébecca, unakuja ao unaolewa na beteri ya foni ya Kamate?» Nikacheka. Nikajibu, na majivuno yangu: Kamate ananifuga kama kuku, mahindi kidogo, mayai kila siku! Juma ijayo niko Beni, yeye hajue kitu.
Lakini kichwa yangu ilikuwa wapi? Frekansi ni moja kwa bote, kila foni ya njia inasikia! Na Kamate yuko Kanyabayonga, ananunua maharagi, ameketi pembeni ya foni ya kule. Sauti yake ikaingia, pole pole: «Nimesikia, binti. Narudi siku ya posho, kesho kutwa. Terminé.» Akafunga.

Siku ya tano, 16 juni
Kwa soko bananiita mama Kuku. Nabaongezea kicheko, nalia «kokoriko» — lakini ndani nachomeka. Bureau ya ruhusa za safari imenirudisha: bila barua ya patron, hakuna karatasi ya njia. Na bila karatasi, basoda benye kufunga njia ya Beni kwa barrière habatanipitisha. Vita, banasema. Kila kitu vita!

Siku ya posho, 17 juni
Kamate amefika, matope mpaka magoti. Hakufoka. Ameomba chai. «Matusi ulitupa hewani, utaiokota hewani. Sema batu bote basikie: Rébecca anabakia. Nitakuongezea kidogo.»
— Na nikikataa, papa?
— Barua hapana.
Saa ine. Beni inaita. Mama Marie-Jeanne mwenyewe: «Butembo, unakuja? Niko na mutu mwingine hapa anangojea. À vous, sema.»
Foni zote za njia zinasikiliza. Kamate anapuliza chai. Naandika na mukono wa kuume, wa kushoto umekwisha kufinya kifungo cha micro — hata pumzi yangu banaisikia kule —