Jina la Nyumbani

Jumatatu, 7 Oktoba

Ukungu Daly City nzima, mji wetu huku ugenini. Nimempa Marivic orodha za maboksi — karatasi mia mbili hivi za wenzetu wanaotuma zawadi Ufilipino kupitia ofisi yetu. Sabuni, taulo, nyama ya kopo. Nilitakiwa kuzichana. Marivic ni msanii. Anazibandika kwa nta juu ya magunia ya mchele, kisha anazitia uzi. Anasema anatafuta sisi ni wa wapi. Majina na anwani nimezifuta mwenyewe kwa wino, moja moja. Nimekagua mara mbili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kazi iko ukutani, ukumbi wa jumuiya. Nzuri mno. Halafu nikaona.

Nilifuta majina ya pasipoti tu. Yale ya nyumbani, ambayo watu huyaandika pembeni ili mama kule ajue boksi ni la nani, sikuyagusa. Hata sikuyahesabu kuwa majina. Marivic ameyashona kwa uzi mwekundu. Moja ni BENING.

Bening ni mama mdogo; naishi kwake. Miaka kumi na tisa hana vibali. Kazini anatumia jina la binamu yake — hilo ndilo nililolifuta kwa uangalifu! Barua ya kumfukuza nchini imeandikwa: Benilda, aitwaye pia Bening.

Nimemsihi Marivic alifumue. Akasema, mdogo wangu, hilo ndilo jina pekee la kweli kwenye karatasi ile. Hakujua habari ya barua. Sikuthubutu kumwambia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ufunguzi mchana. Tambi, vicheko, kila mtu anatafuta jina lake. "We Boy, kipara chote hicho bado Boy?"

Bwana mmoja wa koti la kijivu, si wa kwetu. Mpole. Anapiga picha majina. Kaka Nonoy, mlinzi wa ukumbi, akamfafanulia kwa furaha: Girlie ana duka la mikate, Boy yule pale.

"Na Bening?"

Nikadakia: alishafariki.

"Lini?" Nonoy akacheka. "Juzi tu kaniletea samaki. Huyu mtoto kwa utani!"

Bwana naye akatabasamu. Akaandika kitu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nonoy amempigia mama mdogo simu asubuhi. Kuna bwana anataka kununua ile kazi, ameomba kuonana na Bening mwenyewe, ukumbini, baada ya misa. Labda ni mnunuzi kweli, si mtu wa uhamiaji. Labda.

Mama mdogo amepaka rangi ya mdomo. Anaimba. Miaka yote hii, anasema, hakuna aliyewahi kuniulizia mimi. Hajui karatasi ilitoka mikononi mwangu. Nikisema, atajua. Nisiposema —

Nimejifungia chumbani, naandika. Yuko mlangoni, ana viatu tayari. Anauliza ajitambulishe kwa jina lipi kwa yule bwana, la kazini au la kwetu.

Ameuliza tena. Naweka kalamu chini.