Nilikuita Mchoyo

Mzee wangu Kilonzo,

Ni miezi minne tangu tukuzike kule nyumbani Ukambani. Mchungaji alisema ulikuwa mkarimu, hukumnyima mtu kitu, na watu wote waliotoka mtaani kwetu Mbotela wakaitikia amina. Mimi Musyoka, niliyechonga vinyago kando yako miaka sita, sikuitikia.

Bahili hukuwa. Watoto wa mtaa walikuita mkono wa birika kwa ajili ya lile koti lako la viraka, lakini walikosea neno. Bahili huumwa shilingi ikimtoka. Wewe sufuria yako ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ilikuwa ya kila apitaye, na pesa hukujua hata kuzificha. Ulikuwa mchoyo, Mzee. Mchoyo ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji, anamwona akihangaika, halafu anamgeuzia mgongo.

Nami ulinigeuzia mgongo miaka sita. Nilikata gogo, nikashika tezo, nikatoa miguu na pembe, nikapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Swala wa mti akibaki kuchongwa macho tu, ulimchukua mkononi mwangu ukaenda kukaa ukiangalia ukuta. Ukirudi naye, alikuwa kama amesikia simba. Nilipokuuliza unafanyaje, ulinijibu, "Kaa, bado."

Unaikumbuka siku ya mwisho. Nilikuwa nimejaribu macho mwenyewe, nikampa Mama Wanjiru, yule aliyekuwa akinunua vinyago vyetu na kuviuza mjini. Alimgeuzageuza swala wangu, akasema, "Huyu amelala, bwana. Nipe wa Mzee." Ukacheka. Ni kile kicheko, Mzee. Nilisimama mbele yake na mbele ya majirani nikakuita mchoyo, nikasema utakufa na macho yako. Nikatupa tezo chini. Uliiokota ukaipangusa mchanga. Jioni hiyo nilikuwa mtaa wa Baba Dogo nikitafuta kazi ya kubeba magunia kiwandani.

Hasira hasara. Tulikuwa tukiambiana hivyo kila ufa ulipotokea kwenye mti, tukicheka.

Ulipolazwa hospitalini, mkeo Mama Mwende alipiga simu ya kibandani hadi ofisi ya kiwanda. "Mzee anakuita." Nikajiambia, anataka nipige magoti, na angoje. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe mpaka langoni, na viatu vyake vimejaa matope. "Musyoka mwanangu, njoo hata leo." Nilikuwa na nafasi. Nilimwambia nitakuja Jumapili.

Jumapili nikaja, kitanda chako kikiwa kimeshatandikwa upya.

Pale mlangoni mwa wodi mkeo ndipo aliponieleza. Ulimtuma akuletee swala asiye na macho na kile kisu chako kidogo, ukavificha chini ya blanketi wauguzi wasivione. Siku tisa ulinisubiri. Alipoona unazidiwa alikuomba umwonyeshe yeye, aje anielekeze. Ukamwambia, "Macho hayasimuliwi, Mama Mwende. Lazima nimshike mkono."

Nimerudi kwenye banda letu. Nimechonga swala na kutupa, nimechonga na kutupa. Mama Wanjiru alikuja mara tatu, akiwainua mmoja mmoja na kuwarudisha chini taratibu, kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko chako. Sasa hapiti tena. Nimewauliza wachongaji wote ninaowajua, hakuna aliyewahi kuona ulivyofanya. Mama Mwende anauza makaa mlangoni, na akiniona nimeshika kisu anaangalia pembeni. Sidhani nitayapata macho yale, Mzee. Nasema kweli.

Neno langu silirudishi. Miaka sita ulikuwa mchoyo, na ingali inaniuma. Lakini wewe ulitubu, ukaniita unipe. Mimi nilikuwa na siku moja tu ya kukupa, nikajua kwamba unaihitaji, nikaikalia. Wakiniuliza mtaani mchoyo ni mtu wa namna gani, siwezi tena kukutaja wewe.

Lala, Mzee wangu. Nakupenda, na hili nalo nilikunyima kulisikia. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo: mtu akiniita, hata tuwe tumekosana vibaya namna gani, nitakwenda siku hiyohiyo. Nitakwenda nikikimbia, na kila nitakapofika, nitakayemkuta hatakuwa wewe.

Mwanafunzi wako,
Musyoka