Kifuniko cha Kamera Namba Mbili

Ngana, Kyela
4 Machi 2024

Dada Felista,

Ugonile. Mimi mzima, ila goti linanung'unika mvua ikinyesha. Hali yako huko Tanga? Anwani nimepewa na binamu yako Anyisile wa Busale.

Juzi harusini kila mtu alipiga video kwa simu, mkono wa pili ameshika soda. Nikakumbuka kamera yetu ya studio ya televisheni kule Unguja, nzito kama jokofu, naisukuma kwa kifua, nawe juu chumba cha picha unanisemesha kwenye hedifoni. Sisi wa kamera hatukuruhusiwa kutoa sauti. Kusema ndiyo, tuliinua na kuinamisha kamera. Hapana, tuliizungusha kushoto na kulia.

Mwaka wa sita huu mimi ni mgane, kwa hiyo nauliza bila kumkosea mtu. Siku ile ya mazoezi uliniuliza, "Hezroni, nisiende Tanga? Nibaki tuoane?" Nilijibu ndiyo kwa kamera, mara tatu. Mbona uliondoka?

Kaka yako,
Hezroni

Tanga
29 Machi 2024

Kaka Hezroni,

Ndaga kwa barua. Presha ipo, vidonge nameza. Baba watoto alishatangulia.

Mara tatu? Acha utani, we mzee! Macho yangu yalikuwa kwenye kioo namba mbili, cha kamera yako, nacho kilikuwa cheusi tii. Nilihesabu mpaka sitini. Nikasema, huyu kaona haya kunikatalia, kazima kamera. Nikavua hedifoni, nikaenda kufunga sanduku.

Kama unanidanganya ili kunifariji, usiandike tena.

Dada yako,
Felista

Ngana
15 Aprili 2024

Felista,

Salamu baadaye. Nimefungua shajara yangu. Soma: "Ijumaa, 14/11/1975. Mazoezi saa nne. Nimemjibu F. Fundi amenikemea, kifuniko cha lenzi sikukitoa."

Nilikuwa nimeifunika lenzi taa kali zisiiunguze kamera, kama tulivyofundishwa. Ulipouliza sikuangalia picha ya kamera yangu. Nilikuwa nakutazama wewe kule juu, kwenye dirisha la chumba cha picha. Sentensi mbili za mkono wangu mwenyewe, na sikuwahi kuziunganisha.

Njoo. Jumamosi, tarehe 25 Mei. Basi la Mbeya huingia Kyela saa kumi jioni. Nitakuwa stendi na bajaji. Mchele mpya utakuwa umetoka.

Hezroni

Ngana
27 Mei 2024

Felista,

Hujambo? Safari hii nauliza hasa, maana ulitaja presha.

Jibu lako sikulipata, lakini Jumamosi nilisimama stendi. Basi la saa kumi lilishusha watu, na la saa kumi na mbili pia. Dereva wa bajaji akaniuliza, "Mzee, huyo mgeni kweli yupo?" Nikainua kichwa, nikakiinamisha.

Nyumbani nilipika wali wa watu wawili. Nikaelewa ulivyokaa mbele ya kile kioo.

Lakini barua hupotea, basi huharibika, mtu huugua. Mimi sitahesabu mpaka sitini. Jumamosi nitakuwepo tena, saa kumi.

Wako,
Hezroni