Dungu la Reino

Pelkie, Michigan
18 Novemba 1991

Mpendwa mdogo wangu Reino,

Habari za huko Alaska? Kazi ya meli inakwendaje, na kile kifua chako, kimepona? Huku theluji imeshatufikia. Mama hajambo kiasi, ila usingizi hapati. Nimepiga simu kwenye kampuni yenu wee, wananiambia mko baharini, ndiyo maana nakuandikia haya. Kaa chini kwanza.

Baba hatunaye tena, Reino. Tulimzika Jumanne iliyopita, pale kanisani, karibu na bibi.

Unajua kwetu kila mwindaji ana dungu lake la mbao mtini, la kukaa akivizia kulungu, na hakuna anayepanda la mwenziwe. Lako, kwenye ule msonobari wa kijitoni, Baba amelitunza tangu mlipogombana ukaondoka. Kila majani yakianza kupukutika alipanda kubadilisha mbao zilizooza. Baba mdogo Urho alikuwa akimtania, "Kaka, hilo dungu unamlindia nani, bundi? Nipe mimi, kulungu wanapita chini yake kama wanakwenda sokoni!" Baba anamjibu, "Lina mwenyewe. Wewe kakoromee kwenye lako."

Safari hii alipanda bila kujifunga mkanda wa usalama. Ubao aliokuwa anaung'oa ukaachia ghafla, akaanguka chali. Urho ndiye aliyemkuta.

Hospitalini hakuulizia hata mgongo wake. Aliniambia, "Aili, kidato cha juu cha ngazi sijakipigilia. Mwambie mdogo wako asikikanyage." Nikamwambia sawa, Baba. Kesho yake akakata roho.

Msimu ulipofunguliwa hatukuwinda. Bunduki za majirani zililia tangu asubuhi, na kila ikilia moja Mama alishtuka, akatazama mlangoni. Urho alikwenda na nyundo akakimalizia kile kidato. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, kahawa hakuigusa.

Mama ameniagiza niandike kwamba ilikuwa ajali na hakuna anayekulaumu. Haya, nimeandika. Lakini mimi nakulaumu, Reino. Miaka yote hiyo anakutengenezea pa kukaa, na wewe hata kadi ya Krismasi hukumletea. Ungekuwa hapa ningekuzaba makofi, kisha nikukumbatie nisikuachie.

Mama anakusalimu, na Urho na mkewe Lempi pia. Mungu akufikishe nchi kavu salama. Ukija, usianzie msituni. Anzia kwa Mama.

Dada yako, anayekupenda na hasira zake zote,
Aili