Ramani ya Bibi na Nyumba Uliyoifunga

Same Mjini,
Mkoa wa Kilimanjaro.
25 Januari 1998

Mpendwa Baba Mdogo Eliezeri,

Shikamoo. Naandika nikiamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo Devotha na wadogo zangu wote hapo Mwanza. Kile kifua chako kimepoa? Ulisema kinakubana kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua hazina adabu. Huku sisi tu hai, na kwa yaliyotupata neno hilo nalisema kwa uzito wake. Bibi, mama yako, hajambo. Miguu ndiyo inayomsumbua. Ulimi hauna ugonjwa wowote.

Baba Mdogo, nyumba yako ya Suji imefunguliwa. Kaka Asheri na familia yake wamo ndani. Najua ulisema isiguswe hadi utakapostaafu, na sikutaka habari hii uipate kwa watu wa njiani. Nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Nianzie kazini. Bado napiga chapa kwenye ule mradi wa maji. Mwaka jana mkuu wetu, Bi Veneranda, mama wa Kihaya asiyependa kuona mtu amekaa bure, aliniita kwenye kompyuta akasema tutengeneze ramani inayosema. Nikadhani ananitania. Akanieleza: unaichora nchi, unaiingiza ndani ya mashine, unatia vidoa mahali mambo yalipotokea, na kwenye kila kidoa unafunga picha na sauti ya aliyeyaona. Mtu akipeleka mshale juu ya kidoa kwa kile kidude wanachokiita mausi, akabonyeza, hadithi ya mahali pale inafunguka. Mradi ulitaka kumbukumbu za chemchemi na za ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kumwagilia, zisipotee.

Nilikimbilia kushika mausi, akanizuia. "Kompyuta mwisho," alisema. "Anza na mtu mmoja anayependa kusema, na mlima mmoja anaoujua. Mwache aseme. Akimaliza, muulize ilikuwa wapi hasa."

Anayependa kusema, nani kama mama yako? Nilipanda Suji na redio kaseti, nikakaa naye jikoni akichambua maharage. Alinipa hadithi zile zile alizotulaza nazo tukiwa wadogo. Ya migomba ya mama mkwe wake iliyoteremka na udongo wake hadi shamba la jirani ikazaa huko huko, watu wakagombania mikungu mpaka kwa mzee wa ukoo. Ya ng'ombe wa mahari waliorudishwa njiani kwa sababu njia ilikuwa haipo tena. Ya lile jiwe kubwa tunaloliita Mgeni, kwamba lilikuja lenyewe. Akaongeza na ya chemchemi: siku hiyo ya jiwe, alisema, chemchemi ilikohoa tope asubuhi kabla ya kitu chochote. Kila hadithi ilipoisha nikamuuliza ilikuwa wapi, naye akanyoosha kidole mlangoni, nami nikaenda kupaona na kupapiga picha.

Kazi ya kuyaingiza hayo kwenye mashine ilinitoa jasho. Umeme ulikatika, sauti ikapotea, nikaanza upya. Bi Veneranda alinifundisha kukata maneno yaliyozidi bila kumkata mtu pumzi. Nilifurahi kama mtoto siku nilipobonyeza kidoa cha kwanza, Bibi akacheka ndani ya chumba kile.

Furaha hiyo haikukaa. Nilipotia kidoa cha mwisho nikarudi nyuma kuitazama ramani nzima, nilikuta hadithi zile, ambazo maisha yangu yote nilizijua kila moja kivyake, zimejipanga. Ng'ombe waliorudishwa juu, migomba chini yake, kisha chemchemi, kisha Mgeni. Zote katika lile korongo lililo nyuma ya kanisa la zamani. Mlima ule umeshawahi kushuka, Baba Mdogo, na si mara moja, na kila mara umepita njia ile ile.

Bi Veneranda aliweka kidole chini ya Mgeni. "Hapa anakaa nani?"

"Kaka yangu," nikasema.

Unajua jinsi Asheri alivyorudi nyumbani. Shamba la mkonge lilipotafutiwa mwenyewe mpya, mafundi ndio waliopunguzwa kwanza. Kiinua mgongo chake chote kiliingia katika nyumba ile, na jiwe Mgeni lenyewe alilipasua nusu akajengea msingi. Kumwambia mtu wa hivyo ahame ni kumwambia afe njaa mahali pengine.

Alipokuja Same kutafuta mabati ya jikoni, akiwa na Dorkas mkewe, niliwaleta ofisini. Nilimpa Asheri mausi mkononi. Alibonyeza migomba, akacheka mpaka akajipiga paja. Akabonyeza chemchemi. Akabonyeza jiwe. Kisha akaitazama ramani, akaachia kile kidude.

"Rogathe, hizi ni hadithi za kutulaza usingizi. Leo umezigeuza hati ya kunihamisha?"

"Sikuzigeuza. Nimeziweka zilipo."

"Niende wapi? Niambie wewe mwenye ramani. Niende wapi?"

Alitoka na mabati yake. Dorkas alibaki nyuma kidogo mlangoni, akanishika mkono.

Basi mvua za elinino, ambazo hata huko nadhani mmezionja, zikaja. Hazikunyesha, zilimwagika. Mahindi yalioza, barabara ya kupanda kutoka Makanya ikakatika, habari za juu zikawa za kubahatisha. Nilisikia kwamba Dorkas amechukua watoto na magodoro akaenda kwa Bibi kuomba ufunguo wako. Bibi alimpa. Asheri alikataa kuondoka. Watu walisema mke amemkimbia mume kwa ajili ya sanduku la Wazungu linaloongea, na mtu mmoja aliniuliza usoni kama ninaona raha kuvunja nyumba ya kaka yangu. Nilikosa usingizi, Baba Mdogo. Niliogopa mlima ushuke, na Mungu anisamehe, kuna saa niliogopa usishuke.

Halafu Jumatatu nikiwa sokoni nilimsikia mwanamke wa tangawizi akimwambia mwenzake: "Suji mlima umeshuka. Wamefukiwa, kwa yule fundi."

Sikumuaga mtu. Nilipata lori la mchanga hadi Makanya, na kutoka hapo nikapanda kwa miguu. Njia ilikuwa tope tupu, nilishika mizizi kama mbuzi. Kila niliyekutana naye akiteremka nilimuuliza, na kila mmoja alikuwa na lake: wamekufa wote, amekufa mmoja, hakufa mtu bali ng'ombe. Nilipofika penye kona ya kanisa la zamani nilitazama mahali nyumba ilipokuwa. Palikuwa na udongo mwekundu, umelala kama ulikuwepo siku zote. Hata bati moja halikuonekana. Nilikaa pale pale kwenye matope.

Nikiwa hapo nikaona moshi. Ulikuwa unatoka jikoni kwako.

Nilikimbia. Asheri alikuwa amekaa kizingitini, mikono imechubuka, amevaa shati si lake. Ndani walikuwemo Dorkas, watoto, na familia nzima ya Majaliwa, yule Mmanyema aliyefanya naye kazi mkongeni, aliyejenga chini yake kidogo. Niliwahesabu kwa macho, nikawahesabu tena, ndipo nikalia.

Asheri alinieleza baadaye, kwa maneno machache kama ilivyo desturi yake. Asubuhi ile alikwenda na ndoo kwenye chemchemi. Maji yakasimama. Kisha yakatoka tope, yakasimama, yakatoka tena, kwa mkupuo. "Nilimsikia Bibi," aliniambia. "Nilimsikia kwenye lile sanduku lako, kana kwamba yuko nyuma yangu: imekohoa." Alitupa ndoo. Angeweza kuingia ndani kuokoa cherehani, vyombo vyake vya ufundi, hata vitanda. Alipita mlango wake mwenyewe akateremka kwa Majaliwa akipiga kelele. Mke wa Majaliwa alikuwa mgonjwa, hajiwezi. Asheri na Majaliwa walimbeba kwa blanketi. Walikuwa wameshavuka ng'ambo ya korongo uliposikika mvumo. Aligeuka kutazama. Anasema hakuona nyumba ikianguka. Aliiona ipo, kisha akaona haipo.

Ndiyo maana wamo nyumbani mwako. Walichotoka nacho ni nguo za mwilini na yale magodoro ya Dorkas. Majaliwa na watu wake wamepata chumba kanisani, lakini Asheri hana pa kwenda, na swali alilonitupia ofisini sasa nakuletea wewe mwenye nyumba. Wape ruhusa wakae, walau hadi serikali ya kijiji iwagawie kiwanja upande ulio salama. Mzee Chande, mwenyekiti wa kitongoji, ameahidi, ila wewe unajua ahadi za vijiji. Asheri mwenyewe hatakuomba. Aibu inamfunga mdomo. Ameshaziba paa lako lilipokuwa linavuja, na mlango wa nyuma uliokuwa umeliwa na mchwa ameutengeneza upya.

Jambo moja zaidi. Juzi alishuka Same, akaja ofisini bila kuitwa, akakaa mbele ya kompyuta. Akasema, "Nitilie na mimi kidoa." Nilimwekea kinasa sauti, nikamwambia aeleze yaliyotokea, asihofu, nitayapunguza. Kisha akasogea akasema:

"Hapa paliishi Asheri na Dorkas, na Elinaza, na Tomaso, na Doris mdogo. Wote wazima. Usijenge."

Sikukata hata neno.

Bi Veneranda amekubali tuichapishe ramani ile kwenye karatasi kubwa, ibandikwe ukumbini Suji, kwa kuwa umeme haujafika huko. Haitasema, lakini mtu atauliza, na Bibi yupo.

Nisalimie sana Mama Mdogo Devotha, mwambie vitenge alivyotuma, Dorkas alivikatia watoto nguo, na ndizo walizotoka nazo. Msalimie na mdogo wangu Hezroni, aache kuchezea masomo. Bibi anakubariki, anasema mlango ulioufunga umefunguliwa kwa mkono wake mwenyewe, kama kuna ugomvi uje umgombeze yeye. Mungu aliyetuvusha korongo awalinde na ninyi huko ziwani.

Mwanao akupendaye, anayesubiri neno lako,

Rogathe