Kiti cha Mstari wa Mbele

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, miguu imepunguza maumivu na kikohozi kimekwisha. Maneno haya mtu huyaandika kwa mazoea tu. Leo nimeyapima moja moja, kwa sababu hapa nilipo watu wenye heshima zao wamenipa pole kwa kifo chako. Mimi mwanao sijambo, kwa mwili tu.

Kama nilivyokueleza, jumba la sanaa lililoniajiri baada ya kuhitimu lilipata banda katika maonyesho makubwa ya wiki hii, nami nikateuliwa kuwafafanulia wageni kila picha na kila sanamu. Nilijiandaa kama bwana harusi. Sanamu za chuma zilisimama katikati, na ukuta mzima wa nyuma ulikuwa wako. Hakuna aliyejua kwamba mchoraji wanayemwita Bi Rangi ndiye mama yangu. Tulikubaliana hivyo sisi wawili, nisije nikapanda kazini kwa mgongo wako. Lakini ndani ya siri yetu nilikuwa na siri yangu. Siku ya mwisho ningetoa mhadhara, na nilikusudia kuumalizia kwa kukuonyesha, umekaa mstari wa mbele, niwaambie kwamba Bi Rangi ndiye huyu, na ni mama yangu. Ndiyo maana nilikusihi uje. Hata uliponijibu kwamba miguu haikuruhusu safari, kiti kile sikumpa mtu.

Siku ya kwanza, nikisaidiana na fundi wa kutundika picha kubeba sanamu, nilimsikia bosi wangu akiwaeleza mume na mke mmoja kwamba Bi Rangi alitutoka mvua zilipoanza, kwa utulivu, brashi ikiwa mkononi. Nusura niiachie sanamu. Fundi alinifokea kwamba Profesa, ndivyo anavyoniita tangu aone cheti changu, nikikiachia kile chuma juu ya miguu yake basi marehemu watakuwa wawili.

Nilitoka nje nikakupigia. Alipokea jirani. Alisema hujambo kabisa, uko uani unapaka rangi na kuimba, na ukiimba hutaki kukatizwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha, kwa elimu yangu yote, nikahitimisha kwamba bosi wangu ni mwongo na kwamba wewe umeporwa uhai wako bila kujua. Nikarudi ndani nimejaa hasira ya kukutetea.

Nilimkabili kwa adabu, nikamwambia nina hakika mchoraji yule yu hai. Hakubabaika. Alishusha sauti akanieleza kwamba wazo lilitoka kwa mchoraji mwenyewe: amechoka kuagizwa picha za milango ya buluu, kila mnunuzi anataka mlango kama wa mwenzake, mpaka siku moja akasema kwa kicheko kwamba watangaze amekufa, aachwe achore apendacho. Bosi aliongeza kwamba alimwuliza kuhusu jamaa zake, naye akajibu kwamba ana mtoto mmoja tu, msomi, na wasomi huelewa mambo taratibu.

Sikusadiki. Ulimi hauna mfupa, nikajisemea, na huu wake ni wa biashara. Kesho yake tukafungua sanduku la mwisho, lenye picha yako ambayo sikuwahi kuiona.

Ilikuwa sebule yetu. Viti vimesukumwa ukutani, pazia ni lile lililounguzwa na pasi, viatu vimejazana mlangoni. Ni msiba. Katikati ya waombolezaji kuna kijana amevaa shati nililovaa siku ya mahafali, kola imesimama upande mmoja, analia mdomo wazi. Hata kovu la kwenye nyusi hukulisahau. Mama, ulinichora nikikulilia! Uliipima huzuni yangu, ukaichanganyia rangi yake, ukaisubiri ikauke, na siku hizo hizo mimi nilikuwa nakupigia simu kukuuliza habari za miguu. Hapo nilijua bosi alisema kweli. Tuliodanganywa ni wanunuzi na mimi, na wanunuzi angalau hukuwazaa.

Siku ya mhadhara watu walijaa. Nilikuwa nimeazimia kusema ukweli, ingawa nilijua ungeninyang'anya kazi, na wewe ungekuvunjia jina. Kabla sijafungua kinywa, bibi mmoja alinyoosha kidole kwenye ile picha, akauliza kama yule anayelia si mimi. Nyuso zote zikanigeukia.

Naungama kwako: nilisema ndiyo. Nilisema Bi Rangi ni mama yangu. Yalikuwa maneno yale yale niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo, ila niliyasema kama anavyosemwa marehemu. Kisha nikalia, kola yangu sijui ilikuwaje. Sikuigiza, Mama. Niliyemlilia ni yule mama ambaye angeniambia mimi kabla ya wote. Watu walipanga foleni kunipa mkono. Fundi alinikumbatia, akaapa kwamba lau angejua asingenitania. Picha ikabandikwa kidoti chekundu, alama ya kwamba imepata mwenyewe. Naye bosi, machozi yakimlengalenga sijui kwa furaha au kwa hofu, alichukua shada la maua la pale mapokezi, akaliweka juu ya kiti nilichokutunzia.

Nisalimie jirani, umshukuru kwa kuwa mkweli. Nimepewa mapumziko ya mfiwa, lakini kwa kawaida nikichoka hukimbilia kwako, na sasa sijui nikimbilie wapi. Shada ninalo chumbani. Nalinyunyizia maji kila asubuhi, na bado halijanyauka. Ni lako. Kama u hai, njoo ulichukue mwenyewe.

Ni mimi mwanao msomi,
anayeelewa mambo taratibu.