Mkono Kichwani

Jumapili, 8 Juni

Tumeshinda! Tumeingia fainali! Mbili kwa moja, na bao la pili ni langu — wanavyosema. Mimi silioni.

Naona kona yao tu, kabla ya mapumziko. Mpira unakuja juu, mweupe, hauna haraka. Naruka niuondoe. Kufuli naye anatoka golini aupige ngumi — kipa wetu huyo, na rafiki yangu, hapitwi na kitu — na kiwiko chake kinanipata juu ya sikio. Kuanzia hapo ni ukungu. Mzuri, laini. Kumbe nimecheza kipindi kizima ndani yake.

Kufuli kaniuliza kichwa vipi. Nikamwambia kiwiko chako ndicho cha kupewa pole. Tukacheka.

Jumamosi ndiyo fainali. Wachaguzi wa timu ya taifa ya wasichana watakuja. Mimi na Kufuli tumeiota siku hii tangu tunacheza pekupeku.

Jumatatu, 9 Juni

Cherehani ya mama. Mlio huo ndio ulionibembeleza tangu utotoni. Leo kila mshono uliniingia kichwani. Nikasema, mama, pumzika kidogo basi.

Mguu wake ukasimama. Akanitazama juu ya miwani. Tangu lini mtoto wa fundi akachoshwa na cherehani? Nikasema nina usingizi tu.

Nililala mchana kutwa. Nikiamka, kila kitu kiko mbali kidogo. Pazia linapumua. Sauti za jirani zinanifikia kama niko chini ya maji. Wala sio vibaya! Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Mipira ilikuja miwili, nikapiga ule wa kulia. Hewa! Kocha kacheka: Injini leo imeishiwa mafuta? Mimi ndiye Injini. Nikacheka na wenzangu, halafu nikaenda kutapika nyuma ya vyoo.

Nikisema, nakaa benchi. Na Kufuli atajua ni kiwiko chake. Sisemi.

Jumatano, 11 Juni

Muuguzi wa shule alikuja kuongea na timu zote ukumbini. Mama mfupi, mcheshi. Alikuja na yai mfukoni. Akalitikisa wee, akatuonyesha: ganda zima, halina hata ufa. Akalipasua kwenye sahani. Kiini kimevurugika chote. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, akasema. Nje huoni kitu. Kwa hiyo asiposema mwenye kichwa, nani atasema? Na ukigongwa tena kabla hujapona, unaweza usiinuke.

Halafu akatufundisha ishara. Uwanjani huna haja ya maneno. Mkono kichwani, basi. Kichwani kwako, au kwa mwenzako ukimwona hayuko sawa. Mchezaji anatoka, na hakuna wa kumcheka.

Akataka mtu wa kuigiza majeruhi. Wote: Injini! Injini! Nikapanda jukwaani. Akaninong'oneza: nikikuuliza, jifanye umesahau.

Tumecheza na nani mara ya mwisho? Nikakuna kichwa. Nani alifunga? Nikatazama dari. Taja miezi kwa kurudi nyuma. Desemba. Novemba... Baada ya hapo mwanga wa dirishani ukawa mwingi mno, ukaelea juu ya vichwa vya watu, na mimi nikawa naufuata kwa macho.

Walipiga makofi! Walipiga miguu sakafuni! Anajua kuigiza huyu, acha kabisa! Nikainama kushukuru, nikashika meza nisianguke.

Muuguzi peke yake hakupiga makofi. Alinishika mkono kuniteremsha ngazi. Ukitaka kuongea, mlango wangu hauna foleni, akasema. Nikajibu nilikuwa naigiza. Akasema, mwanangu, umeigiza vizuri kupita nilivyokuomba.

Jumatano, 12 Juni

Alhamisi! Mama kasema Alhamisi.

Amesema na mengine. Anapinda shati, haniangalii: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamuuliza nani anaumwa. Akasema naliambia shati.

Naogopa. Nimeliandika, basi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekariri. Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba. Mbili kwa moja. Bao la pili langu, mguu wa kushoto, pasi kutoka winga. Akiniuliza yeyote, ninayo.

Jumamosi, 14 Juni

Chumba cha kubadilishia nguo. Wengine wameshatoka kupasha misuli. Naandikia magotini. Mistari ya ukurasa inacheza.

Kufuli karudi. Kavua glavu. Kakaa mbele yangu, chini kabisa, kwenye sakafu.

— Lile bao lako. Ulishangiliaje?

— Mguu wa kushoto. Pasi kutoka winga.

— Sijakuuliza mguu. Ulishangiliaje?

Nikatafuta. Ukungu. Nikatafuta tena.

— Ulikuja mbio uwanja mzima mpaka golini kwangu, akasema. Ukanikumbatia. Ukaniuliza, nani kafunga? Nikajua utani. Siku tatu nzima nacheka peke yangu, hata kitandani. Juzi ukumbini ndio nikaacha kucheka.

Machozi yanamtoka na hayafuti. Anasema kiwiko ni changu. Nikamwambia mpira ni mpira, hukukusudia. Anasema basi usinifanye nikuue kwa kunyamaza.

Nikamwambia wachaguzi wako nje, Kufuli. Wako nje!

Akasema najua.

Nikarudi kuandika kwa sababu siwezi kumtazama. Lakini namwona tu. Mkono wake mtupu uko gotini, umefunguka. Angeweza kuunyoosha auweke kichwani kwangu, na kazi ingekwisha. Hanyooshi. Anangoja wangu kwanza.

Filimbi nje. Hatua za Kocha kwenye korido. Anaita Injini, Injini, twende mama!

Mlango umefunguka. Mwanga ule tena, mwingi, unaelea. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto siuhisi vizuri ila nauona. Umeacha kiatu. Umepita bega, unapita sikio